Mboga za ndoo kibarazani: majibu ya maswali yenu

Vuli inakaribia, na wengi mmeniuliza jinsi ya kupanda mboga hapo hapo mlangoni, bila shamba wala bustani. Haya ndiyo maswali yaliyojirudia.

Shikamoo mama. Nina kibaraza kidogo hapa Tabata. Nataka kuanza na nyanya, maana ndizo tunazonunua kila siku. Nitafute ndoo ngapi?

Marahaba, mwanangu. Nyanya ziache kwanza. Mche mmoja unataka ndoo nzima ya lita 20, kijiti cha kuuegemeza, na uangalizi wa miezi miwili na nusu hivi tangu uuhamishe hadi uchume. Nimeona wengi wakikata tamaa katikati, ndoo zikarudi kufulia nguo. Anza na mchicha na matembele. Mchicha ukiusia leo, wiki ya nne unaweza kuwa sufuriani. Matembele hayahitaji hata mbegu: mwombe muuza mboga wako mashina yenye pingili nne, pukutisha majani ya chini, fukia pingili mbili, mwagia maji.

Ndoo tatu za mafuta ya kula zinatosha. Toboa matundu sita chini kwa msumari wa moto. Kokoto usiweke, hazisaidii maji kutoka, zinakula nafasi ya mizizi tu. Na dumu lililowahi kubeba dawa ya wadudu usilitumie, hata ulioshe mara kumi.

Nilinunua samadi ya kuku nikajaza kwenye viroba. Miche yote imeungua ndani ya siku nne. Nimekosea wapi?

Pole sana. Samadi ilikuwa mbichi. Hata mimi msimu wangu wa kwanza ulinipotezea miche kumi na miwili ya sukuma wiki. Kingo za majani zilianza kuwa kahawia na kujikunja, kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto, na siku ya tatu shina likalala. Nilidhani ni kiu, nikazidisha maji. Kumbe mizizi ilikuwa inaunguzwa na chumvichumvi na hewa kali ya samadi ile.

Kabla ya kulipa, ingiza mkono katikati ya rundo. Ukisikia joto, au harufu ikikuchoma puani, iache. Iliyoiva ni nyeusi, inamomonyoka vidoleni na inanuka kama ardhi iliyopata mvua. Kama umeshainunua mbichi, irundike kivulini, inyunyizie maji, ifunike, na uigeuze kila wiki kwa miezi miwili au mitatu. Halafu changanya: debe mbili za udongo wa juu, debe moja la samadi hiyo, na debe moja la pumba za mpunga au mchanga.

Nakaa ghorofa ya tatu, Upanga. Roshani inaangalia kaskazini. Jua litatosha?

Inategemea mwezi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo tangu mwanzoni mwa Machi hadi karibu katikati ya Oktoba jua la mchana hupita upande wako. Baada ya hapo linahamia kusini, na roshani yako inabaki kivulini hadi Machi. Basi vuli hii panda vinavyovumilia kivuli: giligilani, vitunguu vya majani, mnanaa. Bamia na pilipili zingoje Machi. Kumbuka pia uzito: ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa hukaribia kilo 30. Zipange karibu na ukuta wa nyumba, zisirundikane ukingoni.

Dada, sisi huku Kisauni maji ya kisima yana chumvi. Kuna mboga itakayokubali?

Ipo. Spinachi huvumilia vizuri, maharage na karoti hapana. Ukiona ukungu mweupe mkavu kwenye mdomo wa ndoo, hiyo ni chumvi imebaki juu maji yalipokauka. Dawa yake ni kumwagilia mpaka maji yachuruzike chini, usinyunyizie kidogo kidogo. Mvua ikinyesha, ziache ndoo nje zioshwe, na ukinge pipa moja la akiba.

Nyanya zangu ni nzuri juu, lakini kitako kimekuwa cheusi. Halafu sukuma wiki ina vidukari. Nipige dawa gani?

Kwa nyanya, usipige dawa yoyote. Kitako huoza pale ambapo madini ya kalisi hayafiki kwenye tunda, na kwenye ndoo sababu huwa ni maji: leo yamejaa, kesho kukavu. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili; kukiwa kukavu, mwagilia. Siku za jua kali itakuwa asubuhi na jioni. Funika udongo kwa majani makavu. Yaliyokwisha oza yachume ili mche ulishe mengine.

Vidukari huanzia chini ya jani, kwa hiyo geuza kila jani. Changanya kijiko cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, nyunyizia huko chini jioni, suuza asubuhi. Rudia baada ya siku nne. Jani lililojaa kabisa lichume ulitupe mbali na ndoo.