Miti inakatwa mlimani juu ya mtaa wetu: tuanzie wapi?

Dada, umeuliza mfanye nini kuhusu kiwanja kinachofyekwa miti mteremkoni, juu ya mtaa wenu hapo Morogoro. Andikeni barua kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa afisa mazingira wa manispaa na NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira), mkiuliza kama mradi una cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inawapa haki ya kupata taarifa. Nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa, tafadhali msisahau hilo! Ambatanisheni picha zenye tarehe.

Athari si za mtaa wenu tu: maji ya Milima ya Uluguru, iliyo hapo Morogoro, huingia Mto Ruvu unaohudumia hadi Dar es Salaam. Na Desemba 2023 tope la Mlima Hanang, mkoani Manyara, liliporomokea mji wa Katesh, likaua watu. Pelekeni barua kabla ya masika.