Uvimbe wa nyuroendokrini wa tumbo (unaotokana na seli zinazotoa homoni): maswali yenu

Ripoti imeandika G1. Nimebakiza miaka mingapi?

Swali hili haliishi kuletwa, na kila likija nusu ya ripoti haipo. G1 ni daraja tu, yaani seli zinagawanyika polepole, na Ki-67 (kipimo cha sehemu ya seli zinazogawanyika) iko chini ya asilimia 3. Haisemi uvimbe ni wa aina gani wala umefika wapi. Ye yote anayekutajia miaka kwa kutazama G1 peke yake anabahatisha. Leteni ripoti nzima, tafadhali.

Ki-67 ya asilimia 3 kamili ni G1 au G2?

G2, hadi asilimia 20.

Aina zenyewe zinatofautianaje?

Aina ya 1 ndiyo nyingi kuliko zote. Huota katika tumbo ambalo utando wake umesinyaa, kwa kawaida baada ya kinga ya mwili kuushambulia kwa miaka. Tindikali ikikosekana, homoni ya gastrini hupanda na kuzichochea seli za ECL (seli za utando wa tumbo zinazotoa homoni) zizaliane. Hutokea vivimbe vidogo vingi, ambavyo ni nadra kusambaa, na wengi wenye navyo hawafi kwa ugonjwa huu. Katika aina ya 2 gastrini iko juu pia, lakini inamwagwa na uvimbe mwingine ulio kwenye duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba) au kongosho, kwa watu wenye ugonjwa wa kurithi wa MEN1, na tindikali yao ni nyingi mno. Aina ya 3 ndiyo ya kuogopa: uvimbe mmoja, gastrini ya kawaida, na mara nyingi hugunduliwa ukiwa umeshafika kwenye tezi za limfu au ini.

G3 na NEC (saratani ya nyuroendokrini) si kitu kimoja?

Hapana. Ni vitu viwili: zote huvuka Ki-67 ya asilimia 20, ila seli za G3 bado zimekomaa vizuri, za NEC hazikukomaa, na NEC huua haraka zaidi. Shirika la Afya Duniani lilizitenganisha wazi katika mwongozo wa 2019, kwa hiyo ripoti inayozichanganya leo irudishwe maabara.

Nina vivimbe vinne vya milimita 4, aina ya 1. Nimeambiwa tumbo lote litolewe.

Usitie saini kabla ya kumwona daktari wa pili. Vya ukubwa huo kwa kawaida hufuatiliwa kwa kamera inayoingizwa tumboni kupitia mdomoni, na kinachofikia sentimita 1 hutolewa kwa kamera hiyohiyo. Inanisikitisha kuona watu wakipoteza tumbo kwa sababu ya neno "saratani" tu. Ila msiache kufuatilia, maana utando uliosinyaa unaweza pia kuota saratani ya kawaida ya tumbo. Pima na vitamini B12 na madini ya chuma.

Gastrini yangu iko juu sana. Basi ni aina ya 1?

Unameza omeprazole, dawa ya kupunguza tindikali? Dawa hiyo nayo huipandisha. Lakini usiiache kwa uamuzi wako: ukiwa na aina ya 2, kuikatiza ghafla kunaweza kuleta vidonda vinavyovuja damu au kutoboa utumbo. Mwombe daktari apime tindikali ya tumbo na achukue vinyama vya kupima maabara kwenye utando unaouzunguka uvimbe, si kwenye uvimbe pekee.