Sauti inakata: PulseAudio na PipeWire zinagombea kadi ya sauti

Mkuu, umesema kompyuta ya studio yako hapo Ujiji yenye Linux imekuwa bubu tangu uweke PipeWire (programu mpya ya kuendesha sauti), ukiizima na kuiwasha inasema kidogo kisha kimya. Kadi ni nzima. PulseAudio, programu ya sauti ya zamani, bado inaamka pamoja na PipeWire, zinagombea.

Fungua terminal (dirisha la kuandikia amri), andika `pactl info`, tazama mstari wa Server Name. Usipoona jina la PipeWire hapo, ile ya zamani ndiyo imeshika usukani. Ifunge:

`systemctl --user --now mask pulseaudio.service pulseaudio.socket`

Kisha iwashe PipeWire na wenzake:

`systemctl --user --now enable pipewire pipewire-pulse wireplumber`

Usitangulize sudo (neno la kuendesha amri kama msimamizi), hizi ni huduma za mtumiaji. Wengi hukwama hapo. Wala usikimbilie kusakinisha Linux upya, bando lenyewe ghali.

Ikigoma, `fuser -v /dev/snd/*` itakutajia programu iliyong'ang'ania kadi. Tubandikie majibu yake.