Kabla Hujaomba Uhamisho, Kaazime Mbuzi ya Nazi

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 31, mhasibu, kwetu Shinyanga. Kampuni ilinihamishia hapa Tanga, na huu ni mwaka wa pili. Nimepanga nyumba nzuri Sahare, nina kagari kangu, sidaiwi na mtu. Lakini nina upweke ambao sijawahi kuuona maishani. Majuzi niliugua malaria, nikalala ndani siku tatu. Aliyenitafuta ni kijana wa bodaboda anayeniletea chakula, naye aliuliza tu mbona leo siagizi. Majirani tunasalimiana vizuri, wananichekea, basi. Mwezi wa Ramadhani mama wa nyumba ya pili aliniletea sahani ya tambi na sambusa. Niliiosha, nikamrudishia usiku uleule na shukrani zangu, lakini hakuleta tena. Misiba na harusi za mtaani natuma mchango kwa simu, sijakosa hata mmoja. Kanisani naenda kila Jumapili, ila natoka kabla ya matangazo nisije nikabanwa na magari. Jioni nampigia mama, tunaongea mpaka napitiwa na usingizi. Yeye anasema nirudi nyumbani. Je, niombe uhamisho? Au ndivyo walivyo watu wa Pwani, wanakuchekea usoni lakini ndani hawakuingizi?*
*Mpweke wa Sahare*

Marahaba mwanangu, na pole kwa homa.

Nimesoma barua yako nikakwama kwenye ile sahani ya tambi. Tuanzie hapo, maana mengine yote yamo humo.

Huku kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Wala hairudi usiku uleule. Inakaa kwako siku mbili tatu, hata wiki, mpaka siku umepika kitu. Ndipo inarudi na maandazi manne, au kipande cha samaki, au ndizi mbivu, chochote, imefunikwa kawa. Siku hiyo mwenye sahani anapata sababu ya kukwambia "pita ndani", na wewe unapata sababu ya kukaa. Kisha sahani yako nayo itakwenda kwake, na yake itarudi kwako, na hesabu hiyo haifungwi. Wewe mhasibu uliifunga siku ileile. Yule mama hakukasirika, naweza kukuapia. Alielewa tu kwamba hupendi kudaiwa, akakuheshimu kwa hilo, akakaa zake.

Na kweli hupendi. Umeniandikia kwa fahari kwamba hudaiwi na mtu. Sifa nzuri kazini, lakini mtaani mtu asiyehitaji kitu hana wa kumgongea. Geti lako limefungwa, chakula kinaletwa, tui nadhani unanunua la pakiti, mchango unaruka hewani. Siku tatu ulizolala, hakukuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa akikungoja kwa lolote, sasa nani angejua? Ungekuwa na kifumbu cha jirani ndani ya nyumba, siku ya pili angekuja kukidai, akakukuta umejifunika shuka mchana wa jua kali, na mambo yangekuwa mengine.

Usidhani nakusimulia ya kizamani. Mwaka 1997 Sheldon Cohen na watafiti wenzake wa Marekani walichapisha jaribio la ajabu kidogo. Waliwachukua watu 276 wazima wa afya, wakawatia puani matone yenye virusi vya mafua, wakawaweka karantini kuona nani atashikwa. Walikuwa wameshawahoji kila mmoja ana uhusiano wa aina ngapi: mume au mke, wazazi, majirani, wafanyakazi wenzake, watu wa dini yake, wanachama wa kikundi chake. Virusi walitiwa wote, lakini wenye uhusiano wa aina nyingi waliugua kwa uchache kuliko wenye aina chache. Tazama walichokihesabu. Hawakuishia kuhesabu vichwa, walihesabu aina. Na wewe nikikuhesabia, una mama na una kazi. Kanisa ningekuandikia, lakini mtu anayetoka kabla ya matangazo hajafika kwa watu, amefika kwa padri tu.

Mwili nao unaujua upweke. Mtu anayejiona hana wa kumkimbilia hukaa katika tahadhari muda mrefu: homoni za msongo zinabaki juu, usingizi unakatika, shinikizo la damu linapanda. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti Juni 2025, likasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke. Najua kuna watakaosema hayo ni ya Ulaya, ya wazee wanaoishi na paka. Ripoti hiyohiyo inasema katika nchi za kipato cha chini wanaojisikia wapweke ni karibu 24 kwa kila 100, na katika nchi tajiri ni karibu 11. Kwa hiyo usijione umepatwa na ugonjwa wa kigeni, wala usione haya.

Sasa, watu wa Pwani. Sikatai kwamba tuna bashasha nyingi za mlangoni. Tunamchekea kila mtu, na mgeni anaweza kudhani ameshapokewa kumbe amesalimiwa tu. Huo mji umezoea wapita njia: bandari, reli, mashamba ya mkonge, watu wamekuja na kuondoka miaka nenda rudi. Lakini mlango huo unafunguka upesi kwa anayeomba kitu. Anayetoa tu, na hasa anayetoa pesa, anashukuriwa na kuachwa palepale alipo. Unajua ule msemo wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe? Wewe hukupewa jembe kwa sababu unaonekana una trekta. Ukalitafute mwenyewe.

Jumamosi hii usiagize chakula. Nenda soko la Mgandini kwa miguu yako, au panda bajaji, gari liache. Tafuta muuza nazi. Usichukue ya kwanza unayoiona, muulize ipi ina tui zito. Atagonga moja kwa nyingine, atakutikisia sikioni, atakuuliza unapika nini, atakukosoa. Mkae hapo dakika tano. Kule Vancouver, Kanada, watafiti Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn waliwaambia baadhi ya wateja wa duka la kahawa wamtazame muuzaji, watabasamu, wamsemeshe kidogo. Wengine wakaambiwa wachukue kahawa yao wafanye haraka. Waliosemezana na muuzaji ndio waliotoka na furaha zaidi. Hayo wamesemezana na mtu wasiyemjua hata jina. Muuza nazi wako wiki ya tatu atakuwa anakuita "dada wa tui", na siku usipoonekana atauliza.

Utakaporudi na nazi zako, hutakuwa na mbuzi. Hata ukiiona inauzwa hapohapo sokoni, usinunue! Kwanza ulizia mtaani mtoto wa kwanza wa yule jirani anaitwa nani, maana miaka miwili humjui kama ni Mama Zuhura au Mama Bakari, na hilo pekee ni aibu kidogo. Kisha nenda, piga hodi, umwombe akuazime mbuzi ya kukunia nazi. Usieleze mengi. Atacheka, atasema "kumbe nawe unakuna?", na kama ni mama wa Tanga ninayemfahamu mimi, hatakuacha uondoke nayo. Atavuta mbuzi na sinia hapohapo uani aone unavyokaa. Utakaa vibaya, nazi itakuchubua vidole, atakunyang'anya akuoneshe. Mwache akufundishe. Mtu anampenda aliyemfundisha kitu, na anampenda zaidi aliyekubali kufundishwa naye.

Mkimaliza, usilipe. Subiri siku kadhaa, umpelekee kitu cha kwenu. Michembe ya Shinyanga, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, hawaijui hapa, wataigeuza geuza mkononi wakidhani ni magome ya mti. Wapikie na karanga, upeleke kwenye sahani yako mwenyewe, kisha usiifuate. Hata ikikaa mwezi, usiifuate.

Michango ya simu punguza. Sisemi usichange, changa, lakini kwenye shughuli ijayo fika. Msiba ukitokea, jifunge kanga, kaa mkekani na wanawake wenzako, umenye vitunguu saumu. Hutahitaji kusema neno la maana. Pale wanawake wanamenya huku wanazungumza ya bei ya samaki na ya mkwe wa fulani, na mtu aliyekaa hapo saa tatu anahesabiwa ni wa mtaa, hata kama hakufungua mdomo. Elfu hamsini yako ya simu inasomwa kwenye daftari na kufunikwa.

Daftari limenikumbusha. Sina shaka mtaa wako una mchezo wa akina mama au kikoba, na sina shaka hesabu zao zinamsumbua mtu. Ukishazoeleka, mwombe jirani akuingize. Watakapokujua u mhasibu watakukabidhi kalamu. Andika kwa namna yao mwanzoni hata kama inakuuma. Ukianza na kuwaonesha makosa ya mwaka jana utarudi ulikotoka. Na kanisani, kaa mpaka mwisho wa matangazo, usikie jumuiya ya eneo lako inasali nyumba gani wiki hiyo, uende.

Nikuonye pia, nisije nikaonekana nauza sukari tupu. Ukiingia ndani kwa watu, nao wataingia kwako. Watakuuliza mbona hujaolewa, watauliza mshahara, watakusema ukinenepa na watakusema ukikonda. Siri zako za moyoni zihifadhi mpaka umjue nani ana kifua. Mimi kwa maoni yangu kusemwa ni nafuu kuliko kutojulikana kama uko hai, lakini wewe una haki ya kukuta bei hiyo ni kubwa. Kama ni kubwa, chagua jirani mmoja na kikundi kimoja, uishie hapo. Si lazima uwe mtu wa kila shughuli.

Kuna jambo moja nisingependa ulikalie. Ikiwa usingizi umekukimbia wiki kadhaa, chakula hakipiti, kazi huiwezi, unalia bila kujua unalilia nini, au unawaza kwamba heri usingekuwepo, hapo usingoje mbuzi ya mtu. Nenda hospitali ya Bombo useme hivyohivyo kwa daktari. Inaweza kuwa sonona, na sonona ina tiba. Likikujia wazo la kujidhuru, hiyo ni siku ya kwenda sasa hivi na kumwita mtu akusindikize, hata kama ni yule kijana wa bodaboda. Yeye angalau aliona hujaagiza. Umpe salamu zangu, na umuulize jina lake.

Uhamisho sikukatazi. Kuna watu mji haukuwakubali na wakaondoka, hawana kosa. Ila ukiomba leo utakwenda Shinyanga au Dodoma na geti lilelile na pakiti zilezile za tui, na baada ya miaka miwili utaniandikia tena. Jipe mpaka Ramadhani ijayo. Safari hii sahani ya kwanza itoke kwako, magharibi, kabla ya adhana.

Na mama mpigie, kila siku ukitaka. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini sauti ya mama ina kazi yake, na hilo siligusi. Tatizo langu ni saa. Kuanzia alasiri mpaka magharibi ndipo wanawake wa mtaa wako wanapokaa nje, na ndipo wewe unapojifungia na simu. Mwambie mama akusubiri mpaka saa tatu usiku, utakuwa na ya kumsimulia.