Hela ya matumizi Sh 7,000, watu sita mezani

Maswali ya wasomaji wetu wa Mwanza wiki hii karibu yote yametoka jikoni. Nimechukua manane, nikayajibu kama ninavyowajibu majirani wanaonikuta kibarazani: mengine kwa kirefu, mengine kwa sentensi chache.

Mama wa watoto wanne, Buhongwa: Mwangaluka dada. Mume wangu huacha Sh 7,000 kila asubuhi na tupo sita. Watoto wanapenda samaki, lakini sato wawili wa kututosha naambiwa Sh 8,000. Tumebaki na ugali na mchicha siku tano kwa wiki. Nifanyeje?

Mwangaluka mama. Sato mweke pembeni kwanza, tumrudie Jumapili. Ukimtoa magamba, matumbo, kichwa na miba, nyama inayobaki haizidi nusu ya ulichonunua, na sehemu kubwa ya nyama hiyo ni maji. Dagaa mkavu maji yake yameshatoka. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa analiwa mzima, mtoto anapata na kalsiamu ya mifupa pamoja na madini ya chuma na zinki. Robo kilo ya dagaa wakavu ina protini inayozidi gramu 120. Ili uipate hiyo kwa sato, unahitaji zaidi ya nusu kilo ya nyama tupu, isiyo na mwiba hata mmoja. Robo kilo hiyo inawatosha nyote sita kwa mlo mmoja, na chenji ya nyanya inabaki.

Kazi ipo kwenye kuchagua. Ukifika soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba, au kwa muuzaji wa mtaani kwako, usichukue wa juu. Zamisha mkono hadi katikati ya gunia, toa konzi moja, uitandaze kiganjani kwenye mwanga. Dagaa mzuri anang'aa kama fedha na ukimkunja anakatika kwa mlio. Akijipinda bila kukatika, bado ana unyevu na ukungu hauko mbali. Akiwa wa njano au kahawia na harufu inachoma puani, mafuta yake yamechacha. Kisha tafuna mmoja. Meno yakisaga mchanga, huyo alianikwa chini ufukweni, na mchanga huo umeupimiwa kwenye mizani ukaulipia. Wa kwenye vichanja huzidi bei kidogo, lakini kilo yake ni kilo ya dagaa kweli.

Tazama na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazimvuti, wavuvi wengi huegesha mitumbwi siku kadhaa na sokoni bei inapanda. Nunua wa wiki mbili wakati wa giza, uwaanike tena nusu siku juu ya bati au mkeka safi, uwaweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Msimu wa mvua nunua kidogo kidogo, maana wengi hawakukauka vizuri.

Kuwapika, waoshe haraka kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, usiwaloweke. Wakaange kidogo na kitunguu, tia nyanya na nyanya chungu, malizia na karanga za kusaga. Kamulia ndimu ukishaepua: vitamini C yake husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mchicha wako. Mchicha wenyewe usiuache, ila uwekee mafuta kijiko kimoja, kwa sababu vitamini A ya mboga za majani haiingii mwilini vizuri pasipo mafuta.

Nafasi ya wiki igawe hivi: dagaa siku tatu, maharage au choroko siku tatu, na Jumapili sato mmoja wa mchuzi, mkubwa kadiri akiba itakavyoruhusu. Huyo wa Jumapili tafadhali usimwondoe. Watoto wanahitaji kuwa na kitu cha kungojea.

Kijana mpangaji, Mabatini: Maharage ni rahisi, lakini mkaa unaoyaivisha unanimaliza.

Loweka usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo. Nyanya na ndimu visiingie mpaka yameiva, kwa sababu vitu vichachu huyafanya yakaze. Na ukinunua, uliza kama ni ya msimu huu. Maharage yaliyokaa ghalani miaka miwili yatakula gunia zima la mkaa na bado yatakuwa magumu.

Lipo na jambo la kapu. Yachemshe kwa nguvu dakika 20, sufuria ikiwa imefunikwa. Usipunguze muda huo, maana maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoharibiwa na mchemko mkali tu. Kisha epua, funga sufuria kwenye blanketi zito, uizamishe ndani ya kapu au boksi lililojazwa nguo kuukuu, usifungue kwa saa nne. Ukirudi yatakuwa yamelainika yenyewe. Yarudishe jikoni yachemke tena kabla ya kuunga. Siku usiyo na muda, pika choroko; haidai kulowekwa wala haina makuu.

Bibi, Magu: Mwanangu, nalea mjukuu wa miezi tisa, mama yake yuko mjini kazini. Nimeambiwa unga wake nisage mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, njugu na dagaa, vyote pamoja. Kwa hela yangu hii navipata wapi?

Shikamoo bibi. Usivitafute, mjukuu wako havihitaji vikiwa pamoja. Mahindi, mtama, ulezi, mchele na ngano ni ndugu wa tumbo moja, kazi yao kubwa ni kutia nguvu. Kuvichanganya vitano ni sawa na kumvika mtoto mashati matano akabaki bila suruali. Chagua nafaka moja. Ulezi ni mzuri sana, na mahindi ya dona yanafaa pia.

Soya ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Ikiwa mbichi inazuia tumbo kusaga protini, na uji hauchemki muda wa kutosha kuiivisha. Karanga nazo zikisagwa na unga zikakaa wiki tatu, mafuta yake yanachacha na unga wote unaharibika. Kwa hiyo saga nafaka peke yake, na vingine utie wakati wa kupika. Leo kijiko cha karanga ulizotwanga leo hii hii. Kesho kijiko cha dagaa waliokaangwa bila mafuta, wakatwangwa na kuchekechwa wakawa unga laini. Keshokutwa maziwa. Mchana mpondee boga au kiazi lishe, kile cha rangi ya chungwa ndani, chenye vitamini A nyingi. Uji uwe mzito, ung'ang'anie kijikoni usitiririke. Tumbo lake dogo likijaa maji, njaa inabaki palepale.

Kwa kuwa hanyonyi, mpe milo minne kwa siku na maziwa yaliyochemshwa kila siku, tena usiache kumpeleka kliniki apimwe uzito.

Sasa karanga, bibi. Zimwage kwenye ungo, kaa nazo juani, chambua moja moja. Yenye ukungu, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye uchungu, tupa, na usiwarushie kuku. Humo ndimo inamokaa sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mimi niliwahi kununua kisado cha karanga za bei ya kutupa, nikafika nyumbani nikakuta za chini zote zina vumbi la kijani. Nilizifukia zote nyuma ya nyumba. Iliniuma, hela ilikuwa ya siku mbili, lakini nisingeweza kumpa mtoto.

Baba wa familia, Igogo: Mke wangu hununua mapanki. Majirani wanasema ni chakula cha watu walioshindwa maisha. Niambie ukweli, ni chakula cha binadamu?

Ni chakula, kaka, tena kizuri, na mke wako anajua anachokifanya. Viwandani sangara huchunwa minofu kwenda nje, hasa Ulaya. Kinachobaki ni mgongo wenye nyama ubavuni, pamoja na kichwa. Nyama iliyoshika mfupa ni ya samaki yuleyule aliyepanda ndege. Mashavu ya kichwa cha sangara ukiyapika mchuzi mwepesi na kitunguu, ndimu na pilipili, sijui minofu gani inayoyashinda.

Swali la haki kuuliza ni lini yametoka kwenye barafu. Mapanki yaliyopigwa jua kwenye tenga tangu alfajiri mpaka saa nane ni hatari, kama ambavyo minofu ya bei mbaya ingekuwa hatari. Anunue asubuhi. Nyama iwe imekaza kwenye mfupa, rangi nyeupe au ya waridi isiyo na ukijivu, harufu iwe ya ziwa tu. Yapikwe siku hiyohiyo. Ya kukaanga barabarani kwenye mafuta meusi yaliyorudiwa siku nzima, hayo nisingeyanunua. Watoto wadogo uwatolee miba kwa mkono wako mwenyewe, ubavu mmoja baada ya mwingine. Na ukimaliza kula, mshukuru mkeo majirani wakisikia.

Msomaji, Kitangiri: Sembe au dona?

Dona. Sembe imekobolewa, na pumba na kiini vilivyoondoka vimeondoka na nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na sehemu kubwa ya madini. Dona huchacha mapema kwa sababu ya mafuta ya kiini, basi saga ya wiki mbili tu. Ukila ugali wa muhogo, kumbuka muhogo una protini kidogo mno, siku hiyo mboga iwe ya dagaa au maharage.

Mama wa watatu, Igoma: Asubuhi nawapa watoto chai ya rangi na maandazi mawili kila mmoja. Ni Sh 1,200 kila siku ya shule na saa nne wameshaanza kusinzia darasani.

Siku 20 za shule ni Sh 24,000, mama, na umenunua unga mweupe, mafuta na sukari. Ndiyo maana wanasinzia: nguvu yake inapanda haraka, inashuka haraka. Nunua viazi vitamu kwa ndoo wakati wa mavuno, uvichemshe jioni moto wa chakula cha usiku ukiwa bado upo. Asubuhi kila mtoto apate kiazi na konzi ya karanga za kuchemsha au kukaanga. Viazi vikiadimika, wazee wetu wa Usukuma walishatuachia jibu: michembe, iliyokatwa na kukaushwa ikiwa mibichi, na matobolwa, yaliyochemshwa kwanza ndipo yakaanikwa. Chemsha michembe na karanga za kutwanga, utaona sufuria inavyokombwa. Mimi nimekulia hapo, na harufu yake mpaka leo inaniita.

Chai ipe saa moja mbali na chakula. Majani ya chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma, na mtoto mwenye upungufu wa damu naye husinzia.

Dada, Nyakato: Kila kitu nanunua cha kupima: mafuta, mchele nusu, sukari robo. Natamani kununua jumla ila hela haijawahi kukutana.

Kipimo kidogo ndicho chenye bei kubwa, na anayekilipa ni mwenye kipato kidogo. Inaniudhi kila nikiifikiria. Weka Sh 500 kila siku kwenye kopo lililofungwa. Mwezi ukiisha una Sh 15,000. Usizigawe kwenye vitu vitano. Nunua kitu kimoja tu kwa wingi, na kianze kile kinachokukata zaidi, ambacho kwa wengi ni mafuta ya kula. Hela iliyokuwa ya kupima mafuta sasa irudi kwenye kopo, mwezi wa pili nunua maharage. Mkipatana majirani wanne mnaoaminiana, mchange gunia moja mgawane. Gaweni kwa mizani, si kwa kopo, kwa sababu kopo lililobonyezwa kitako limeshavunja undugu mwingi.

Mpangaji, Bugarika: Nyumba iko juu ya mawe, hakuna udongo hata wa kuchimbia kaburi la kuku. Mboga nitalima wapi?

Kwenye gunia, dada. Chukua gunia la kilo 100, changanya udongo debe mbili na samadi iliyooza debe moja, uendelee hivyo mpaka ujazo utoshe. Weka kopo la lita nne lililokatwa juu na chini likawa wazi katikati ya gunia, ulijaze kokoto, uzungushie udongo, kisha ulivute juu ujaze tena. Utapata nguzo ya kokoto toka chini hadi juu, ambayo maji yatapitia. Mawe yapo mlangoni kwako, hayo hutanunua. Toboa matundu ubavuni, pandikiza sukuma wiki na matembele, juu sia mchicha. Mwagilia kwa maji uliyooshea mchele na mboga. Ya sabuni hapana.

Mchicha utakuwa tayari karibu wiki ya nne. Usiung'oe. Kata kwa kisu juu ya macho mawili ya chini, utachipua tena.