Zimwi Linapotoka Mchana Kweupe

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza kwa nini watu wazima, wenye kazi na akili zao, hukaa saa nzima na zaidi wakitazama filamu za mazimwi zilizotengenezwa kwa senti za kuokoteza, na huku wanajua tangu mwanzo kwamba ni mbovu. Chini ya swali mmedokeza jibu lenu: eti tunapenda kumcheka aliyeshindwa. Mimi ni mmoja wa hao watu wazima. Jibu hilo silikubali, ingawa sitalitupa lote.

Nianze na gorila. Mwaka 1953, huko Los Angeles, kijana aitwaye Phil Tucker alitaka kutengeneza filamu ya roboti kutoka anga za mbali iliyokuja kuangamiza wanadamu. Vazi la roboti lilikuwa ghali kuliko mfuko wake. Lakini alimfahamu George Barrows, mwigizaji aliyemiliki vazi lake mwenyewe la gorila na kujipatia riziki kwa kulivaa kwenye sinema. Tucker akamchukua Barrows na manyoya yake, akamvika kichwani kofia ya mzamiaji yenye antena, roboti ikawa imepatikana. Filamu ikaitwa Robot Monster. Ilipigwa kwa siku 4. Mitambo ya zimwi hili pangoni kwake inatoa mapovu ya sabuni, na mashine ya mapovu imetajwa kwa heshima zote kwenye maandishi ya mwanzo, pamoja na kampuni iliyoitoa.

Muziki wake ulitungwa na Elmer Bernstein, ndiye yuleyule aliyekuja kutunga ule wa The Magnificent Seven. Wakati huo alikuwa akitiliwa shaka kwa siasa zake za mrengo wa kushoto na kazi kubwa zilikuwa zimemkimbia. Kwa hiyo ukifumba macho unasikia msiba mkubwa wa binadamu ukisimuliwa kwa ala za muziki; ukifumbua, unaona mtu mnene mwenye manyoya akipanda kilima kwa taabu, jua la saa sita likimwakia juu ya kofia.

Hilo jua ndilo ninalotaka tulizungumzie.

Kila mwongozaji mwenye busara na bajeti ndogo anajua kwamba zimwi linafichwa. Mwaka 1942 mtayarishaji Val Lewton alipewa na studio ya RKO fedha kidogo na jina la filamu, Cat People, naye akatisha watu kwa vivuli ukutani na sauti kando ya bwawa la kuogelea usiku. Chui mwenyewe huonekana kwa nadra sana. Mwaka 1974 papa wa mashine wa Steven Spielberg aligoma kufanya kazi kwenye maji ya chumvi, mwongozaji akalazimika kumficha chini ya mawimbi kwa sehemu kubwa ya Jaws, na dunia nzima ikaogopa kuoga baharini. Hizo ni filamu nzuri, na uzuri wao umetokana na kuficha.

Filamu ninazozipenda mimi zilifanya kinyume chake: zilitoa zimwi nje, mchana kweupe, likaonekana lote hadi mishono.

Sababu ya kwanza ni bango. Katika miaka ya 1950 kampuni ya American International Pictures, ya James Nicholson na mwanasheria Samuel Arkoff, ilikuwa na desturi ya kubuni jina la filamu na kuchora bango kabla hata hadithi haijaandikwa. Bango likionekana kuwavutia wenye kumbi za sinema, ndipo anatafutwa mtu wa kuandika. Walengwa walikuwa vijana waliokwenda na magari kwenye sinema za uwanjani, filamu mbili kwa kiingilio kimoja. Sasa bango limechorwa na fundi hodari, zimwi limeziba nusu ya karatasi, limembeba msichana aliyezimia. Ukishamwahidi mtu hivyo, huwezi kumwonyesha kivuli. Lazima ulipe deni, hata kama ulichonacho mfukoni ni mpira, gundi na waya.

Sababu ya pili haina ushairi wowote. Kupiga filamu usiku kunahitaji taa nyingi, jenereta na watu wa kuziendesha. Jua ni la bure. Robot Monster na nyingine nyingi zilipigwa Bronson Canyon, machimbo ya zamani ya mawe ndani ya Griffith Park, yenye pango lililo tayari na umbali mfupi kutoka studio za Hollywood. Ukishazitazama chache unaanza kulisalimia lile pango. Limekuwa makazi ya wageni wa sayari zote.

Humo humo ndimo mwongozaji Roger Corman alimopeleka mgeni wake kutoka Zuhura mwaka 1956, katika It Conquered the World. Zimwi lilitengenezwa na Paul Blaisdell, fundi ambaye namhesabu kuwa msanii wa kweli. Wazo la umbo lake lilikuwa la kisomi: kiumbe kilidhaniwa kutoka kwenye mvutano mkali wa ardhi, basi kiwe kifupi, kipana, kilichokaa chini. Matokeo yake yalikuwa kama pia kubwa iliyopinduliwa, yenye meno, macho ya hasira na mikono ya kaa. Inasimuliwa kwamba Beverly Garland, stelingi wa kike, alipoliona alisimama mbele yake akalicheka kwa dharau, kwamba hiki ndicho kimeitawala dunia? Corman akaagiza liongezwe kimo. Blaisdell alikuwa amelitengeneza akiamini litabaki gizani ndani ya pango. Siku ya kupiga likatolewa nje, juani, na yeye mwenyewe yumo ndani akilisogeza. Anayekuja kulimaliza, kwa kulichoma jicho na mtungi wa moto, ni Lee Van Cleef, ambaye miaka 10 baadaye wapenzi wa filamu za kauboi walimjua kama yule mbaya katika The Good, the Bad and the Ugly. Van Cleef analihutubia zimwi lile kwa uchungu wa mtu aliyesalitiwa na rafiki wa damu. Hapepesi jicho. Mimi huwa nacheka mpaka hapo, halafu nanyamaza, kwa sababu jamaa anaigiza vizuri mno.

Basi jibu langu ndilo hili: kinachotuvuta ni kuona mtu akimaanisha. Yule mwigizaji anamaanisha, fundi anamaanisha, kila mmoja amefanya kazi yake kana kwamba zimwi lingekuja kutisha kweli, na halikuja. Katika filamu nzuri hiyo kazi yote imefichwa usiione. Hapa unaiona yote: kamba, zipu, mtu anayehema ndani ya vazi. Unatazama hadithi mbili kwa wakati mmoja, ya dunia inayoangamizwa na ya watu kumi na kitu wanaohangaika kabla jua halijazama.

Nimesema jibu lenu sitalitupa lote, kwa kuwa kuna ukatili ndani yake. Mwaka 1957 mtayarishaji Sam Katzman, mtu maarufu kwa ubahili, alitoa The Giant Claw, filamu ya ndege mkubwa kama meli ya vita anayetisha ulimwengu. Waigizaji walipiga sehemu zao bila kumwona huyo ndege. Waliambiwa tu waangalie juu na waogope, nao wakaogopa kikazi. Ndege alitengenezwa Mexico kwa bei ya kutupa: shingo ndefu ya bata mzinga aliyenyonyolewa, macho yanayozunguka, na kishungi cha nywele utosini. Jeff Morrow, stelingi wa filamu ile, alisimulia baadaye kwamba alimwona kwa mara ya kwanza akiwa ameketi kwenye ukumbi wa sinema katika mji wa kwao, kati ya watu waliomjua. Ukumbi ukaangua kicheko kila ndege alipotokea. Morrow akateremka kitini na kutoka kimyakimya kabla taa hazijawashwa. Nikimtazama ndege yule huwa nacheka kama wote, lakini simcheki Morrow. Kamtazame: anaogopa kwa ufundi kabisa. Aliyestahili aibu ni aliyebana senti.

Nyingi ya filamu mbovu, niseme ukweli, ni mbovu tu. Zinachosha. Watu wawili wanaongea ofisini dakika 20, zimwi linatajwa kwa simu. Hizo hazina mpenzi. Hata The Creeping Terror ya mwaka 1964, ambayo wenzangu wanaisifu, ina vipande virefu vya usingizi. Ila zimwi lake ni kama zulia kubwa lililofunika watu wanaotambaa, na kwa kuwa linakwenda polepole kuliko kobe, wahanga inabidi walisubiri, wapige yowe, halafu wajiingize wenyewe mdomoni, kichwa kwanza, wakijisukuma. Kwa dakika hizo chache naweza kuvumilia zilizobaki.

Kuna jambo lingine ambalo sisi wa huku tumelijua mapema kuliko wasomi wa sinema. Filamu nzuri inakunyamazisha. Filamu mbovu inakuachia nafasi ya kusema. Mwaka 1988 kituo kidogo cha televisheni cha Minneapolis kilianza kurusha kipindi cha Joel Hodgson, Mystery Science Theater 3000, ambamo mtu mmoja na roboti wawili wanaonekana kama vivuli chini ya skrini, wakitazama filamu mbovu na kuitia maneno mwanzo hadi mwisho. Wamarekani wakaona ni uvumbuzi. Nasi? Mtu yeyote aliyewahi kulipa kiingilio kwenye kibanda cha video Dar es Salaam enzi za msimulizi Lufufu anajua mkanda bila msimulizi ni nusu mkanda. Lufufu hakuwa anatafsiri tu. Alikuwa anasimulia, anaongeza, anamkanya stelingi asiingie kwenye nyumba ile. Kenya yupo DJ Afro. Uganda wapo mavijei, wasimulizi wa mikanda, na pale Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alipotengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha ambazo zinatajwa kuwa hazikufika dola 200, sauti ya VJ Emmie iliwekwa ndani ya filamu yenyewe, ikishangilia, ikimtania mtazamaji na kunadi filamu zijazo. Bunduki zao ni vyuma chakavu, helikopta ni ya kompyuta na inaonekana hivyo. Wanaojua mambo haya kutoka Ulaya na Marekani walifunga safari hadi Wakaliga kuigiza humo na kuuawa kwa furaha. Hawakwenda kucheka umaskini. Walikwenda kwa sababu pale watu wanamaanisha.

Ndiyo maana pia siwezi kuzipenda zile za kujifanya mbovu. Julai 2013 chaneli ya Syfy ilirusha Sharknado: kimbunga kinanyanyua papa baharini na kuwamwaga juu ya Los Angeles. Mitandao ikachangamka, na hadi mwaka 2018 zilikuwa zimefika 6. Niliitazama ya kwanza na nikacheka pale stelingi anapopasua tumbo la papa kwa msumeno wa mashine akiwa ndani yake. Baada ya hapo nikaanza kuhisi natekenywa na mtu anayeniangalia usoni kuona kama nacheka. Wametengeneza papa wabaya makusudi, waigizaji wanakonyeza. Hakuna aliyeweka rehani chochote. Tucker na gorila wake walikuwa wameweka kila kitu.

Filamu zetu za kutisha za mwanzo wa miaka ya 2000, zile za majini waliopakwa unga usoni na kutoweka kwa kukatwa picha, nazo naziweka kundi la Tucker. Tulizicheka sana barazani na usiku tuliogopa kwenda chooni.

Kwa msomaji anayetaka kujaribu, asianzie kwenye hizo nilizozitaja. Aanze na The Killer Shrews ya mwaka 1959, iliyopigwa Texas. Hakimiliki yake Marekani ilishakwisha, kwa hiyo inapatikana bure mtandaoni bila kumwibia mtu. Watu wamekwama kisiwani na virukanjia, wale wanyama wadogo kama panya, waliokua hadi kimo cha mbwa. Wamefikia kimo cha mbwa kwa sababu ni mbwa, waliovishwa manyoya na meno ya bandia, na wengine wanaonekana kabisa wakifurahia mchezo. Mwishoni mashujaa wanajifunika mapipa ya chuma yaliyofungwa pamoja na kutembea wamechuchumaa hadi ufukweni. Hapo ndipo utakapojua kama ugonjwa huu unakufaa au la. Ukitazama, mwite jirani yule asiyeweza kukaa kimya kwenye sinema. Kwa filamu hii anahitajika.

Msomaji wenu,
Morogoro