Kabla hujakata tiketi ya Kagera, kakae barazani kwanza

Juzi binti mmoja wa Korogwe ameniandikia. Babu yake alipigana Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, naye amedunduliza nauli, anataka kupita kila alikopita mzee. Ananiuliza apande basi gani, Bukoba alale wapi. Nikamuuliza: babu yu hai? Yu hai. Basi mdogo wangu, tiketi iache kwanza, nikusimulie aibu yangu.

Baba alikuwa dereva wa lori la katani huko Muheza. Nyerere alipotangaza vita Novemba 1978, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, lori likachukuliwa kwa kazi ya jeshi na baba akaenda nalo. Alirudi na mestini ya alumini, chombo cha chakula cha askari, ndani amekwaruza jina la mama kwa msumari. Mama akaigeuza kipimo cha mchele. Ukimuuliza baba habari za vita, anajibu neno moja: "Matope." Alifariki 2016, ndipo nikagundua sina kitu mkononi.

Nikajifanya mtafiti. Miaka miwili nasoma na kuchora ramani: Kyaka, Mutukula mpakani, Masaka ya Uganda iliyotekwa Februari 1979, kinamasi cha Lukaya ambako Machi vijana wetu walikutana na Walibya waliotumwa na Gaddafi kumwokoa Amin, mpaka Kampala iliyoanguka Aprili 11. Nikachukua likizo, nikaondoka. Ya njiani siwachoshi nayo, basi ni basi.

Kyaka nikasimama darajani, Mto Kagera unapita chini na rangi yake ya chai ya maziwa, mestini mkononi. Nikapigwa picha, nikairusha kwenye kundi la ukoo: "Hapa ndipo baba alipopitisha lori lake." Mashangazi wakalia. Kichwa kilinivimba, sikatai.

Niliporudi Tanga nikaenda Ngamiani kumwamkia ami, mdogo wake baba, na pakiti ya senene.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba." Macho yake yalikuwa barabarani. Senene hakuwagusa. Mjukuu wake alikwisha kumwonyesha ile picha.

"Daraja la Kyaka watu wa Amin walilivunja baba yako hata Singida hajafika," akasema. "Yeye kavuka daraja la muda la jeshi, usiku, taa zimezimwa, utingo katangulia kwa miguu na kitambaa cheupe mgongoni ili baba yako aone pa kufuata. Na hiyo Lukaya yako hakuiona. Malaria ilimlaza Masaka. Aliniandikia akiwa huko. Barua ninazo, nne."

"Mbona hukuniambia, ami?"

"Uliniuliza lini?"

Kutoka kwangu Chumbageni hadi baraza la ami ni dakika kumi kwa baiskeli. Miaka miwili! Lililoniuma zaidi ni kwamba alikuwa akingoja. Kila nikipita kumsalimu alidhani leo nitauliza, nami naaga nawahi kurudi kwenye ramani zangu.

Ndugu zangu, tuna ugonjwa wa kuanzia mbali. Muulize mzee. Na usimuulize "vita vilikuwaje", hapo utapewa "matope" yako. Muulize alikuwa anakula nini, utingo wake alikuwa nani, viatu vilimtosha? Akinyamaza, nyamaza naye, kahawa ipo. Omba ruhusa kabla ya kumrekodi. Kama hayupo, yupo mdogo wake, yupo jirani aliyemsomea barua. Waulize hao.

Ukishamaliza ndipo ushughulikie pasi ya kusafiria na kadi ya homa ya manjano, kama unataka kuvuka Mutukula. Muleba kuna makaburi ya mashujaa wetu pale Kaboya. Ni eneo la jeshi, kwa hiyo ulizia utaratibu mapema, usiende kubahatisha. Hoteli Bukoba zipo, utapata. Lakini mzee kwanza, nasema tena, maana najua wengine mmeruka aya nzima mkitafuta bei ya nauli.

Ami barua hanipi nikazisome peke yangu. Ananisomea mwenyewe, moja kila Ijumaa baada ya sala, miwani imefungwa kwa uzi. Ile ya kwanza nilikwenda na daftari jipya kabisa. Kurasa mbili, na zote ni habari za tairi la akiba na shilingi ishirini alizomkopesha fundi wa Muheza, kwamba ami asiache kumdai.